Mikono ya Chinatsu

Katika kanisa la Mlima wa Ushindi, pale mtaa wa Troyeville jijini Johannesburg, kila mtu alikuwa na ushuhuda isipokuwa Mama Léocadie, na Mama Léocadie ndiye aliyekuwa kiongozi wa waombezi. Ni sawa na fundi cherehani anayetembea na suruali iliyopasuka. Jumapili baada ya Jumapili watu walisimama mbele, wakashika maikrofoni kwa mikono miwili kana kwamba ingetoroka, wakaeleza namna Bwana alivyowatendea. Huyu amepata pasipoti. Yule kaka yake amepelekwa Canada. Mamie, ambaye hata kufunga kula mpaka saa sita mchana kulimshinda, alikuwa amepata vyote viwili, na mchumba mwenye gari juu yake. Hao wote Léocadie alikuwa amewaombea. Yeye mwenyewe, patupu. Na aliowaombea kwa sauti kubwa zaidi ndio walioharibikiwa zaidi: aliomba mvua isinyeshe siku ya harusi ya Marcelline, ikanyesha ya mawe, aliombea mguu wa Pacifique, ukapona, Pacifique akautumia kumkimbia mkewe.

Pasta Firmin alikuwa mtu mpole, maana yake alisema mabaya kwa sauti ya chini. "Mama Léocadie," alimwambia siku moja baada ya ibada, "minaona umechoka. Pengine tumupe Mamie kazi ya maombezi, weye upumuzike kidogo." Kupumzika, kwa lugha ya wachungaji, ni kufukuzwa kazi huku umeshikwa bega.

"Siyachoka, Pasta," Léocadie akajibu. "Minangojea tu ushuhuda yangu. Iko njiani."

Na kweli ulikuwa njiani. Ulitua Johannesburg mwanzoni mwa mwaka 2018, ukiwa na begi moja la nguo na mawili ya viatu.

Lakini kwanza ukuta. Jengo walimosali lilikuwa ghala la zamani ambalo Festus, Mkenya wa benki, alikuwa amelikodi na kuligeuza ukumbi wa kukwea. Festus aliamini kwamba lolote wanalofanya matajiri wa Sandton siku ya Jumamosi ni biashara. Akajenga ukuta wa mbao mrefu kama jengo la ghorofa nne, akaujaza vishikio vya rangi zote, vimebandikwa huku na kule kama pipi zilizotafunwa na kutemwa. Watu walikuja kuukwea kwa jasho na kushuka kwa kamba, watu ambao kazini kwao kuna lifti. Ijumaa alasiri na Jumapili Festus alilipangisha kanisa. Hivyo Mlima wa Ushindi likawa kanisa pekee mjini ambalo mlima wake ulikuwa wa mbao. Wanakwaya walitundika majoho yao kwenye vishikio vya chini, akina mama wakatundika mikoba, na hakuna aliyeuliza kilichokuwa juu zaidi.

Msichana aliyetua alikuwa Mjapani, jina lake Chinatsu Orihara, na kazi yake ilikuwa kukwea. Ndiyo, analipwa. Alianza akiwa mtoto, katika mji mdogo wa kwao, kwenye ukumbi uliokuwa juu ya duka la samaki, mahali ambapo harufu peke yake ilitosha kumpandisha mtu. Kabla hajamaliza shule alishawaangusha wakubwa wa mkoa. Akaingia timu ya taifa, akazunguka Ulaya na China akikwea kuta ambazo hakuna aliyemwomba azikwee, na huko Austria akasimama jukwaani mtu wa tatu katika mashindano ya Kombe la Dunia, medali shingoni. Picha yake ikabandikwa kwenye chupa za kinywaji. Kisha mwaka 2016 ikatangazwa kwamba mchezo wake utaingia katika Olimpiki ya Tokyo, nyumbani kwao kabisa, na Chinatsu akalia kwa furaha. Kwa bahati mbaya tangazo lilikuwa la hadharani, kwa hiyo wasichana wengine wote wa Japani nao walilisikia. Wakamiminika kutoka mashuleni, vyuma vya meno mdomoni, wepesi kama paka, na nafasi zilikuwa za kuhesabu kwa kidole. Mwaka uliofuata kano ya kidole chake cha pete ikakatika akiwa ananing'inia ukutani. Kidole kilipopona, nafasi yake kwenye timu ilikuwa imekaliwa na mtoto aliyewahi kumwomba saini.

Kampuni ya viatu iliyomdhamini haikumfukuza. Ilikuwa kampuni yenye adabu. Ilimfanya balozi wa viatu vyake barani Afrika, ikamtuma Johannesburg kwa Festus, afundishe watu kukwea na kuwavutia wanunuzi. Naye alipumzishwa, huku ameshikwa bega.

Siku Léocadie alipomwona mara ya kwanza, alikuwa amekuja ukumbini kufagia kabla ya maombi ya Ijumaa. Akamkuta msichana mwembamba amesimama mbele ya ukuta, macho kayafumba, mikono yake myeupe kwa unga hadi kwenye vifundo, anaipunga hewani polepole na kunong'ona. Léocadie alizaliwa Bukavu, hakuhitaji kuelezwa. Kwao, mikono iliyopakwa unga mweupe ni ya mganga, na mganga anayeongea na ukuta hatafuti kazi ya kupaka rangi. Akaweka ufagio chini, akanyoosha mkono, akaanza kukemea kwa lugha za rohoni. Msichana akageuka, akamtazama, akainama hadi kiunoni kwa heshima.

"Pepo imeinama," Léocadie akasema. "Kwa jina la Yesu, sasa itoke."

Festus alikuja mbio kutoka ofisini. "Mama, tafadhali, hiyo ni chaki tu. Inakausha jasho, mikono isiteleze. Na hivyo anavyopunga, anakariri njia atakayopita. Ni mgeni wangu."

"Isiteleze," Léocadie akarudia.

Alisikia vizuri, kwa masikio yote mawili. Hilo tuliweke akibani, maana litahitajika. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Léocadie aliambiwa.

Baada ya wiki chache kampuni ikagundua kwamba balozi hana haja ya hoteli, na Festus akamleta Chinatsu kwa Léocadie, mtaa mmoja tu kutoka ukumbini, akae katika chumba cha Murielle. Murielle alikuwa binti wa Léocadie aliyeolewa Durban, na ambaye siku hizi alimpigia mama yake simu kwa Kiingereza, kama anayeita fundi bomba. Léocadie alisema atamvumilia mgeni kwa muda tu. Mwezi haukuisha akawa anamchagulia vipande vya samaki visivyo na miiba.

Nyumba ilikuwa na wapangaji wa Bukavu, wa Uvira na wa Kigoma, na wote waliongea Kiswahili, kila mmoja akiamini wengine wanakiharibu. Chinatsu akakiokota kama watoto wanavyookota mafua. Kwa miezi kadhaa aliamini kabisa kwamba ndiyo lugha ya Johannesburg. Akawa anaingia kwenye spaza ya kona na kusema, "Habari ya asubuhi, Mama, minaomba mayai," na mwenye duka akimjibu kwa Kizulu anadhani ni yeye hajatamka sawasawa, anarudia polepole.

Kila jioni Léocadie alimkalisha kwenye kigoda, akamtia mafuta ya upako utosini na kumwombea. Chinatsu alitulia tuli. Alijua mwenye nyumba wake ni msusi mwenye kibanda Hillbrow, akadhani ni huduma ya nywele inayokwenda pamoja na chumba. Akashukuru sana; nywele zake zilikuwa hazijawahi kung'aa hivyo.

Baada ya maombi walikaa mezani, kila mmoja na beseni lake la maji baridi. Chinatsu alitumbukiza vidole kwa ajili ya ile kano. Léocadie alitumbukiza vyake kwa sababu mtu hasuki rasta za watu maisha yake yote bure. Vidole vyao vilifanana kuliko nyuso zao: vifundo vinene, ngozi iliyokauka, kucha fupi. Jioni moja Chinatsu alitoa mkono wa kulia majini akautazama kwa muda, kama mtu anayemtazama mbwa wake mzee.

"Mama," akasema, "mikono yangu inazeeka."

"Mikono ya kazi haizeeke," Léocadie akamjibu. "Inakomaa tu. Kunywa chai."

Lakini alisikia uchungu, na hakuupenda. Alipenda kumhurumia mtu kwa maombi, siyo kwa kumpenda. Maombi yana mwisho, unasema amina unakwenda kulala. Huyu msichana hakuwa hata wa dini yake, wala wa kabila, wala wa bara. Léocadie akakasirika kabisa, akamwongezea sukari.

Mwaka 2019, majira ya joto yalipokuwa yanaaga, Festus akaleta habari. Mabosi wa kampuni walikuwa wanakuja kutoka Japani. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kungekuwa na onyesho. Fundi kutoka Cape Town angetengeneza njia mpya ukutani, ngumu, ifunikwe kwa turubai, na Chinatsu asiione mpaka dakika ya kupanda. Angeikwea mara moja tu. Akifika juu, mkataba wake ungeendelea hadi Tokyo, arudi kupambana na wale watoto wenye vyuma vya meno. Akianguka, kampuni ilikuwa imemtayarishia kazi nyingine yenye heshima: kuvalisha wateja viatu katika duka lao, mji ule ule wenye samaki.

"Mara moja? Hakuna kurudia?" Léocadie akauliza.

"Ndio sheria ya mchezo, Mama," Festus akasema. "Ukiteleza, imeisha."

Léocadie hakulala usingizi wa maana hadi Jumapili. Wakati wa shuhuda ulipofika, akasimama, akamnyang'anya Mamie maikrofoni katikati ya habari za mchumba, akatangaza mbele ya kanisa zima kwamba Chinatsu atafika juu. Bwana amemwonyesha. Hakusema amemwonyeshea wapi. Waumini wakapiga makofi. Pasta Firmin naye akapiga, taratibu, akiwa amekunja uso kwa upole.

"Amina," akasema. "Siku ile tutaona wote. Na kama ule mutoto hafike juu, Mama wetu atajua Mungu anasema apumuzike."

Basi Ijumaa alasiri, kabla ya waombezi kufika, Léocadie aliingia ukumbini na ufunguo wake wa usafi na chupa ya mafuta ya zeituni yaliyoombewa. Fundi wa Cape Town alikuwa ameacha jukwaa lake la vyuma mbele ya turubai. Léocadie hapandi hata kwenye kiti kubadilisha taa. Siku hiyo alipanda. Alivua viatu, akajifunga kitenge vizuri, akapita nyuma ya turubai akiimba ili asisikie vyuma vinavyolia, na kuanzia chini hadi juu kabisa akapaka mafuta kila kishikio. Hakupaka kwa uchoyo kama wachungaji wanavyogusa paji la uso kwa ncha ya kidole. Alipaka kama anavyompaka mteja ngozi ya kichwa: akasugua, akakandamiza, yakaingia vizuri, hayakudondoka wala hayakung'aa. Pale juu kabisa, alipokuwa akitetemeka hadi meno, akapaka mara mbili kwa jina la Yesu.

Hakukumbuka chaki hata kidogo. Na hata angeikumbuka, angekwambia hayo ni mambo mawili: kuna mafuta ya kukaangia samaki, na kuna mafuta ya upako, na ya upako hayatelezeshi mtu. Alishuka akiwa na amani ambayo hakuwa ameionja kwa miaka. Ilikuwa kazi nzuri, iliyofanywa kwa upendo wote, na kama nia njema ingekuwa kamba, Chinatsu angefika mbinguni.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kulikuwa na mvinyo katika glasi nyembamba, na watu wa Sandton wamevaa nguo za mazoezi zisizojua jasho. Mabosi walikaa mstari wa mbele, wameweka mikono magotini. Kanisa lilikaa nyuma: Pasta Firmin na suti ya bluu, Mamie na mchumba, na Léocadie katikati amevaa kitenge chake cha Pasaka. Turubai likaanguka. Chinatsu akatoka kwenye chumba alimokuwa amefungiwa asione, akaitazama njia yake, akafumba macho, akapunga mikono yake myeupe hewani. Akainama. Akapanda.

Mwanzoni vishikio vilikuwa vikubwa na alikwenda vizuri, mwepesi. Halafu akasimama. Akatumbukiza mkono kwenye kifuko cha chaki kiunoni, akarudi, akashika, akatoa mkono, akautumbukiza tena. Akajifuta kwenye suruali. Léocadie aliona mabega yake yakianza kutetemeka. Chinatsu akautazama mkono wake wa kulia, ule wenye kidole kibovu, akaurusha kwenye kishikio cha juu, akakishika. Kwa pumzi moja alining'inia hapo. Kisha mkono ukaachia, polepole kabisa, kidole kimoja kimoja, na kamba ikamdaka nusu ya ukuta.

Ukumbi ulipiga makofi ya msibani. Chinatsu aliteremshwa, akafungua kamba, akauinamia ukuta. Akawainamia mabosi. Mabosi nao wakainama. Hakuna aliyesema neno baya, na ndiyo ilivyojulikana kwamba imekwisha. Mamie akampapasa Léocadie mgongoni.

"Pole, yaya," akasema, kama anayemfariji dada yake mkubwa. "Mungu iko na mupango yake."

Mtu wa kwetu angeulaumu ukuta. Angemlaumu fundi, jirani, shangazi aliyekataliwa posa mwaka ule. Chinatsu alilelewa vingine: mkono ukiteleza, ni wa kwako. Jioni alikaa mezani bila beseni. "Ukuta muzuri," akasema. "Mikono imeisha, Mama. Nilijua. Sasa najua kabisa." Alisema bila kulia, kama mtu anayesoma tangazo la basi. Akaleta viatu vyake vya kukwea, vyote, akaviweka kwenye mfuko wa nguo ambazo Léocadie hukusanyia maskini wa kanisa. Ndege yake ilikuwa Jumatatu. Léocadie akaitoa chupa mkobani ili amwombee, akairudisha, na kwa mara ya kwanza utosi wa Chinatsu ukalala mkavu.

Jumapili asubuhi Léocadie alitangulia ukumbini kupanga viti, akigombana na Mungu kwa sauti. Alimuuliza ana shida gani na yeye. Alimuuliza kama Mamie ni binamu yake. Akiwa ameinama kuokota glasi ya mvinyo iliyosahauliwa, akaegemea ukuta, akashika kishikio cha chini ili asianguke, na mkono wake ukateleza, akapiga goti sakafuni.

Akakaa pale pale chini. Akautazama mkono. Akaunusa.

Katika kibanda chake cha Hillbrow kulikuwa na sheria moja tu. Msaidizi akishapaka mteja mafuta, ananawa kwa sabuni kabla ya kugusa rasta, kwa sababu mkono wa mafuta haushiki kitu. Rasta inaponyoka, msuko unalegea, mteja anarudi kesho kutukana. Aliwahi kumtimua Duni, msichana wa Kigoma, kwa kosa hilo hilo, akamwambia mbele ya wateja kwamba mtu asiyejua hilo hana akili ya kusuka hata mkeka. Sasa alikaa chini ya Mlima wa Ushindi, goti linamuuma, akiyakumbuka maneno hayo neno kwa neno.

Hakuna aliyejua. Hilo ndilo lililomjia kwanza, na lilimjia na maji ya kunywa na kiti, kama mgeni anayekusudia kukaa. Chupa ilikuwa kwenye mkoba wake. Mabosi walikwisha kuondoka alfajiri, kusema hakungewarudisha. Angeweza kusimama mbele na kusema ni mapenzi ya Mungu, na mapenzi ya Mungu hayana namba ya simu ambayo mtu angeipiga kuhakikisha. Kanisa lingemhurumia. Huenda hata Firmin angemwachia kazi yake mpaka Krismasi. Kunyamaza ni dhahabu, na yeye kwa maisha yake yote alikuwa hajashika dhahabu.

Ibada ikaanza. Kwaya ikaimba, Pasta Firmin akahubiri juu ya wale wanaojituma bila kutumwa, akimtazama kila mtu isipokuwa Léocadie. Chinatsu alikuja kuaga. Alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, na alikuwa ameikalia mikono yake, ameificha chini ya mapaja kama mtoto aliyechapwa kwa kunyonya kidole. Wakati wa kupiga makofi hakuitoa.

Léocadie aliona hilo, na roho yake ikamuuma kuliko goti. Wakati wa shuhuda akasimama.

"Bandugu," akasema, na maikrofoni ikapiga kelele kana kwamba inajua. "Mi niko na ushuhuda. Mumeningojea, na mi pia nimejingojea. Siku ya Ijumaa nilipanda hapa juu, nikapaka mafuta vyote, kuanzia huku mpaka kule. Nilipaka muzuri. Nilipaka ju nilimupenda ule mutoto, na ju nilitaka Pasta aone ile Mungu anaweza kunijibu mi pia. Vyote mbili. Asubuhi hii nimeteleza. Chinatsu hakuanguka ju ya mikono yake. Ni mi njo nimemuangusha."

Kanisa halikujua liseme amina au la. Mtu mmoja alisema, akanyamazishwa na mkewe. Pasta Firmin alinyoosha mkono kuichukua maikrofoni. "Asante, Mama, asante, tumesikia, unaona sasa ile kuchoka—"

"Nimechoka, Pasta. Ile kazi mpatie Mamie," Léocadie akasema, akamkabidhi maikrofoni, akaenda zake mpaka kiti cha nyuma.

Kule mlangoni, kwa kelele za maikrofoni, Chinatsu alikuwa ameshika maneno machache tu, *mafuta* na jina lake. Léocadie akamwinua, akamshika mkono, akampeleka mbele katikati ya watu hadi ukutani. Akaubandika mkono wa msichana kwenye kishikio. Mkono ukateleza. Akaubandika kwenye kingine, na huo ukateleza vilevile. Chinatsu akanusa vidole vyake. Alikuwa amelala na harufu ile utosini kwa zaidi ya mwaka.

"Mafuta," akasema. "Ya nywele."

"Ya maombi," Léocadie akasema. "Yangu. Ni mi."

Chinatsu alimtazama, na uso wake ulipitiwa na kitu ambacho Léocadie hakuwa amekiona humo, nacho kilikuwa hasira, hasira safi ya mtu aliyeibiwa. Léocadie hakuangalia pembeni. Aliona ni haki yake kuipokea yote.

Kisha Chinatsu akainua mikono yake miwili, akaitazama mbele na nyuma.

"Kwa hiyo siyo mikono yangu," akasema.

"Siyo mikono yako, mwanangu."

Hapo ndipo msichana yule, ambaye hakulia mbele ya mabosi wala mezani, alikaa sakafuni mbele ya kwaya nzima na kulia kwa kwikwi. Léocadie akakaa karibu yake, kitenge chake cha Pasaka vumbini, akalia pia, bila kuomba.

Alipomaliza, Chinatsu akajifuta kwa mkono wa shati na kuomba sabuni ya vyombo. Ibada ikaishia hapo, ingawa Pasta Firmin alikuwa bado anaiongoza. Festus akatoka ofisini, akavua koti, akasukuma lile jukwaa la vyuma, akapanda kuvifungua vishikio vya juu, na akina mama wakaviosha kwenye mabeseni kama sahani za harusi, wakavikausha kwa majoho ya kwaya. Waliviweka tena kwa kufuata alama za fundi, na Chinatsu akivikagua kimoja kimoja. Ilichukua hadi jua linaelekea kuzama. Watoto walilala kwenye viti. Firmin, alipoona hakuna anayeondoka, akakunja mikono ya suti ya bluu na kusuuza.

"Viatu vyangu," Chinatsu akamwambia Léocadie, mkono mbele.

Léocadie akarudi nyumbani mbio, goti na yote, akavitoa kwenye mfuko wa maskini.

Akapanda. Safari hii hakukuwa na mvinyo wala mtu wa kuinamiwa. Pale alipoanguka jana alisimama, akatumbukiza mkono kwenye chaki mara moja, akarusha, akashika, akapita. Alipofika juu kabisa alikigusa kishikio cha mwisho kwa mikono miwili, akabaki hapo akining'inia, na hakushuka hata Festus alipomwita. Alikuwa anaitazama mikono yake.

Festus alipiga picha za video akazituma kwa mabosi jioni ile ile. Jibu lilikuja upesi na lilikuwa na adabu nyingi: walifurahi sana kuona, walimpongeza, na nafasi ya dukani ilikuwa tayari inamsubiri. Jumapili iliyofuata Mamie, kiongozi mpya wa waombezi, alisimama na kushuhudia namna Bwana alivyotenda muujiza wa ukuta. Alishuhudia vizuri sana. Wengi walilia.

Lakini kabla ya hapo, Jumatatu, Léocadie alimsindikiza Chinatsu hadi uwanja wa ndege. Begi la nguo lilikuwa jepesi, ya viatu mazito. Chinatsu alisema atauza viatu mchana na kukwea jioni. Mashindano ya kwao hayahitaji kampuni, mtu anajiandikisha mwenyewe. Huenda wale watoto watamshinda. Alisema hivyo huku akitafuna andazi, bila huzuni, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa ya kesho.

Walipofika mahali ambapo wasindikizaji hawaruhusiwi kupita, aliweka mabegi chini na kuinamisha kichwa, akangoja, kama alivyofanya kila jioni kwenye kigoda. Mkono wa Léocadie ukaingia wenyewe kwenye mkoba, kwa mazoea, ukaigusa chupa.

"Mama, omba," Chinatsu akasema, kichwa bado chini. "Lakini bila mafuta."

Léocadie akaiacha chupa humo humo, akaweka mikono yake nyuma, akaomba.